JENEZA TUNALO, BENDEJI HATUNA

Ndugu Waislamu, ingieni katika msikiti wo wote wa pwani yetu, uwe wa Kunduchi, wa Ununio au wa Mbweni, mkatazame pembeni, karibu na mahali pa kutawadhia. Mtaliona jeneza. Limewekwa kwa heshima, na yupo mtu ajulikanaye kuwa ndiye mwenye dhamana nalo. Upo na ubao wa kuoshea maiti. Ukiuliza nani huosha wanaume na nani huosha wanawake, hata mtoto wa chuoni atakutajia majina. Mtu akifariki saa nane za usiku, kabla ya jua kuchomoza sanda imekwisha patikana, kafuri ipo, na vijana wamekwisha shika majembe. Hili ni jambo jema, na hapana asemaye lipunguzwe hata chembe.

Sasa ulizeni swali la pili. Ni nani katika msikiti huu ajuaye kumrudishia pumzi mtoto aliyetolewa majini hivi sasa? Iko wapi bendeji? Ni nani ajuaye kulibana jeraha linalomwaga damu? Hapo ndipo watu watakapoanza kutazamana, na si ajabu mmoja akakuelekeza kwa muuza duka la dawa.

Basi hilo ndilo neno langu leo. Umma huu wa pwani umejiandaa vizuri sana kwa kaburi, na haujajiandaa kabisa kwa dakika tano zilizo kabla ya kaburi. Tazameni hata magofu ya Kunduchi. Wazee waliotutangulia walituachia msikiti na makaburi ya fahari, mengine yenye nguzo na vyombo vya kigeni vilivyopachikwa ukutani, na hadi leo wageni huja kuyatazama. Makaburi mazuri tumerithi. Je, sisi tutakaofuata tutarithisha nini?

Nazungumzia hasa kufa maji, kwa kuwa Kunduchi ni bahari. Watoto wetu hujifunza kuogelea wenyewe kwa kukumbatia madumu matupu. Wavuvi hutoka usiku kwa ngalawa na mashua bila ya koti la kujiokolea. Siku za Idi na mwaka mpya fukwe hujaa watu waliotoka Manzese na Tandika, Mbagala na Kimara, wengi wao hawajui kuogelea, na boti za kwenda kisiwa cha Mbudya hupakia na kupakua. Na huko juu Mtongani, machimbo ya kokoto yameacha mashimo ambayo mvua za masika huyageuza mabwawa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 peke yake watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na wengi katika hao walikuwa watoto na vijana. Hawa si watu waliougua muda mrefu. Asubuhi walikuwa wazima.

Na mtu akitolewa majini, sisi hufanya nini? Kwanza hukusanyika. Duara hufungwa mpaka upepo haupiti. Siku hizi nusu ya hao waliosimama wameinua simu wanapiga picha, na picha hiyo itafika Tanga na Mtwara kabla aliyezama hajafunikwa kanga. Kisha wajuao hujitokeza. Mmoja husema abebwe miguu juu kichwa chini, atingishwe, maji yatoke. Wa pili humpanda tumboni na kumminya. Wa tatu huleta kitunguu au njiti ya kiberiti iliyozimwa, amnusishe. Wa nne huita bajaji, na huyo masikini hukunjwa kitini kama gunia la mkaa, kichwa kimeanguka kifuani, koo limejibana, safari ya hospitali ikaanza.

Na tuyapime hayo moja baada ya jingine. Aliyezama hakufa kwa sababu tumbo limejaa maji. Amekosa hewa, basi. Maji ya tumboni hayamdhuru kwa wakati ule, na ukimminya yatapanda kooni pamoja na chakula na kuingia katika mapafu, umemzamisha mara ya pili na safari hii nchi kavu. Kumning'iniza miguu juu hakurudishi pumzi hata moja, ila hupoteza dakika. Kitunguu nacho hunuswa na mtu anayevuta pumzi. Asiyevuta atanusa kwa nini? Ama hilo la kuminya tumbo, wenye kuosha maiti wanalijua vizuri. Katika kuosha, tumbo la maiti hukandamizwa taratibu ili kilichosalia kitoke. Hiyo ni kazi ya josho. Sisi tunamfanyia josho mtu ambaye huenda bado angali hai, tena mbele ya mama yake!

Asije mtu akadhani kwamba nasema haya kwa kuwadharau watu wa pwani, kana kwamba ujinga huu ulizaliwa Kunduchi. La, hasha. Wazungu walifanya mabaya kuliko haya. Katika karne ya 18 waliozama katika nchi zao walikuwa wakibingirishwa juu ya mapipa, na walikuwa wakipulizwa moshi wa tumbaku, tena kwa njia ya nyuma! Mjini Amsterdam kiliundwa mwaka 1767 chama cha kuwaokoa waliozama, na London kikafuata chao mwaka 1774, na vifaa vya kupulizia moshi huo viliwekwa kando ya mto Thames kama vile leo yawekwavyo mapipa ya mchanga wa kuzimia moto. Tofauti yetu na wao ni hii: wao walitazama, wakaona haifai, wakaacha. Katika miaka ya 1950 madaktari Peter Safar na James Elam walionyesha kwamba pumzi ya mtu mmoja yatosha kumweka hai mwingine ikipulizwa kinywani mwake, na mwaka 1960 wenzao wa Johns Hopkins, huko Baltimore Marekani, wakaeleza namna ya kuusukuma moyo kwa kubonyeza kifua kwa viganja vitupu. Haikuhitajika mashine wala umeme. Imekwisha pita miaka zaidi ya sitini. Habari za mpira wa Uingereza hutufikia Jumamosi jioni ile ile. Habari hii imekwama wapi?

Basi msomaji, isome hapa, na ukimaliza umsomee aliye karibu nawe.

Kabla ya yote, usiruke majini kwa pupa kama hukufunzwa kuokoa. Mtu anayezama humkumbatia cho chote akipatacho, naye akikupata wewe mtashuka wote wawili. Mtupie dumu tupu lililofungwa kifuniko, au kamba, au mnyoshee upondo au kasia. Akishatolewa, mlaze chali mahali pagumu, umwite, umtikise mabega. Haitiki? Inamisha kichwa chake nyuma, inua kidevu, weka sikio lako karibu na kinywa chake, utazame kifua kama kinapanda, usizidishe sekunde kumi. Kama havuti pumzi, au anakoroma kwa kukatakata, umesimama mbele ya mtu ambaye moyo wake umesita au u karibu kusita. Mtume mtu apige simu 114, ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na wewe uanze. Bana pua yake, funika kinywa chake kwa kinywa chako, upulize mpaka uone kifua kinainuka. Fanya hivyo mara tano. Halafu weka kiganja kimoja katikati ya kifua, cha pili juu yake, nyosha mikono, ubonyeze kwa uzito wa mwili wako kifua kishuke sentimita 5 au 6, ukiachie kipande, ubonyeze tena, mara 30, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika moja. Kisha pumzi 2. Kisha 30. Kisha 2. Mtoto wa miaka mitatu au minne hubonyezwa kwa mkono mmoja, na mchanga kwa vidole viwili, na kinywa chako kifunike kinywa na pua yake kwa pamoja. Povu litatoka; usihangaike kulifuta, endelea. Akitapika mgeuze upande, msafishe kwa kidole, mrudishe, endelea. Ukichoka apokee mwingine. Msiache mpaka aanze kuhema, au waje wenye kazi yao. Na akianza kuhema lakini fahamu bado, mlaze kiubavu, mvue nguo za maji, mfunike, na hospitali aende hata kama ameinuka na kuomba chai, kwa sababu mapafu yaliyoingia maji huweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Kwa nini nayakazania haya na hospitali zipo? Zipo, alhamdulillahi. Mwananyamala ipo, na Muhimbili tangu mwaka 2010 ina idara kamili ya magonjwa ya dharura. Lakini ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika katika dakika nne au sita. Hesabu wewe mwenyewe: kutoka ufukweni Kunduchi mpaka barabara ya Bagamoyo tu ni dakika ngapi? Bado hujafika Mwenge, bado hujaikuta foleni. Hata lau Muhimbili ingelikuwa imejengwa Mtongani, tungelichelewa. Daktari hupokea kile tulichomhifadhia. Tukimpelekea mtu aliyebonyezwa kifua njia nzima, ana la kufanya. Tukimpelekea aliyekunjwa katika bajaji, ataandika saa ya kifo.

Sasa nije kwa wale wenye majibu.

Wako wasemao, "Siku yake ilifika." Maneno haya ni ya kweli, na ni faraja kubwa kwa mfiwa, yakisemwa baada ya mazishi. Yakisemwa ufukweni, na mtu bado ana joto, ni kisingizio cha uvivu. Nani kakuambia kwamba siku yake imefika? Umeusoma wapi muda wake? Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa safarini kwenda Sham akapata habari ya tauni, alirudi na watu wake. Abu Ubaida (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, na jibu la Umar likawa kwamba anaitoka kadari na kuiendea kadari nyingine ya Mwenyezi Mungu huyo huyo. Hivyo ndivyo walivyofahamu mambo watu walioijua dini kuliko mimi na wewe. Wengine husema aliyekufa maji ni shahidi, na ni kweli imepokewa hivyo kwa Bwana Mtume (s.a.w.). Lakini daraja hiyo ni ya aliyezama. Hakuna daraja iliyotajwa kwa waliosimama ukingoni mikono kifuani. Kwao iko aya ya 32 ya Sura ya Al-Maida, ambayo imeipandisha kazi ya kuiokoa nafsi moja ikawa sawa na kuwaokoa watu wote. Aliye na simu mkononi na aisome aya hiyo kabla ya kupiga picha.

Wako wengine ambao humwogopa mwanamke. Binti ametolewa majini, nguo zimemganda, wanaume wamesimama mbali kwa haya, wanatafutwa wanawake, na dakika zinakwenda. Mimi haya naiheshimu. Ni sehemu ya imani. Lakini wanazuoni hawakuacha jambo hili gizani: dharura huondoa katazo kwa kiasi cha dharura yenyewe, na kuihifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria. Mtupie kanga mwilini, uanze kubonyeza kifua. Na kama jambo hili linakukera kweli kweli, dawa yake ni nyepesi: wafundishwe wanawake. Kwani ilikuwaje Madina? Sa'd bin Muadh (r.a.) alipopigwa mshale katika vita vya Khandaq, aliwekwa katika hema ndani ya msikiti wa Bwana Mtume (s.a.w.), na mwenye hema ile ya kuuguzia alikuwa ni mwanamke, Rufaida wa kabila la Aslam. Msikitini, ndugu zangu. Leo ukitaka kuweka sanduku la bendeji msikitini utaambiwa kamati ikae kwanza.

Wako wanaoogopa polisi na karatasi ya PF3. Kuogopa huko kuna mzizi, nisiufiche. Bahari yetu iliwahi kupigwa sana baruti, na uvuvi huo ukipigwa vita, aliyelipukiwa alijua kwamba hospitali ni mlango wa mahakama. Lakini PF3 ni karatasi inayokwenda baina ya polisi na hospitali. Kubana jeraha hakuna fomu. Mkono ukikatika, iwe kwa baruti au kwa mashine ya kusagia kokoto, na damu inaruka kwa mapigo, kamata kitambaa kipana, kifunge juu ya jeraha upande wa moyo, pitisha kijiti, usokote mpaka damu ikome, andika saa uliyofunga, usilegeze mpaka afike kwa daktari. Huyo aliyelala chini mvuvi haramu au mvuvi halali, hilo lina mahali pake pa kuamuliwa, na si pale mchangani.

Na wapo, tena si wachache, wasioipenda alama ya msalaba. Wakiambiwa kwamba Chama cha Msalaba Mwekundu hufundisha huduma ya kwanza, hununa. Lakini Dola ya Kiislamu ya Uthmaniya ilipokabiliwa na jambo hili katika miaka ya 1870, wakati wa vita vyake na Urusi, haikuwaacha askari wake wafe. Ilibadilisha alama ikaweka hilali nyekundu, kazi ikaendelea ile ile, na hadi leo nchi nyingi za Kiislamu hutumia hilali. Sisi tumeukataa msalaba na hilali hatukuiweka.

Majeraha ya barabarani sitayarefusha. Bodaboda huanguka kila siku kati ya Mtongani na Tegeta, na aliyeanguka humwagiwa maji, hunyweshwa soda, huinuliwa kwa kuvutwa mkono. Asiinuliwe kama gari halimjii na moto hauwaki. Abanwe pale panapotoka damu kwa kitambaa safi, kwa nguvu, dakika kumi bila ya kuchungulia, na mwenye kuogopa damu avae glavu au atie mkono katika mfuko wa plastiki. Asitiwe udongo, wala majani ya chai, wala petroli.

Jeraha hilo lanikumbusha jambo moja ambalo watu hupenda kulitaja nusu. Bwana Mtume (s.a.w.) alipojeruhiwa Uhud, Bibi Fatima (r.a.) aliosha damu, na Sayyidna Ali (r.a.) akimmiminia maji. Wengi hukumbuka kwamba mwisho alichoma kipande cha mkeka akaweka jivu, nao kwa hiyo hutia jivu kila kidonda mpaka leo. Mbona hawakumbuki kwamba alibadilisha baada ya kuona maji yanazidisha damu? Aliangalia! Akaona kinachofaa na kisichofaa kwa vile alivyokuwa navyo siku ile. Leo kilichokwisha onekana kufaa ni kitambaa safi na mkono mzito.

Vivyo hivyo jikoni. Mtoto akimwagikiwa na uji, mama hukimbilia dawa ya meno, jirani huleta yai, bibi huleta unga wa muhogo, na hayo yote hufungia joto ndani na kumpa daktari kazi ya kukwangua. Dawa ya kuungua ni maji ya bomba au ya mtungi, yamiminwe polepole dakika 20 nzima, dakika ishirini za saa, si za kukisia. Avuliwe bangili na nguo isiyogandana na ngozi, afunikwe kitambaa safi. Asali? Asali ni neema na imetajwa katika Qur'ani kuwa ina ponyo, lakini haipoozi nyama inayoendelea kuiva. Maji kwanza. Na aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe wala asinyweshwe maziwa. Akitapika yataingia mapafuni. Akimbizwe hospitali hivyo alivyo.

Wavuvi wana lao pia. Aliyechomwa na mwiba wa taa hulia usiku kucha, na watu humpaka hiki na kile. Mguu wake utumbukizwe katika maji ya moto, kiasi ambacho mtu mwingine mzima aweza kuyavumilia kwa mkono wake, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Sumu ya samaki yule hudhoofishwa na joto. Kisha hospitali, kwa kuwa kipande cha mwiba huweza kubaki ndani. Lakini akichomwa kifuani au tumboni, asichomolewe mwiba, aende moja kwa moja.

Lakini kinachonitia uchungu kuliko yote ni kifafa. Mtu anaanguka mbele ya watu hamsini, anatetemeka, povu linamtoka, na watu hamsini wanarudi nyuma! Wameambiwa tangu utotoni kwamba povu lile huambukiza, na hata upepo anaoutoa. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge katika nchi ya Wapogoro karibu na mwaka 1960, alikuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto, kwa sababu waliangukia mekoni na hapakuwa na aliyethubutu kuwavuta. Kifafa hakiambukizi kwa povu. Anayeanguka mwondolee mawe na moto, weka nguo laini chini ya kichwa, mgeuze ubavu, usimbane mikono, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, wala usimkoboe kwa kisomo cha kelele huku uso wake umezama mchangani. Kisomo kitasomwa akishalazwa vizuri. Zikipita dakika tano hajatulia, hospitali. Na kwa mvuvi mwenye kifafa, asiende baharini peke yake. Hilo ni jukumu la nahodha wake.

Sasa kuna atakayesema kwamba watu wa Kunduchi wana huruma, nia yao ni njema, na nia njema yatosha. Haitoshi. Imepokewa kwamba mmoja katika masahaba alipasuliwa kichwa na jiwe, akapatwa na janaba, akawauliza wenzake kama aweza kutayammamu. Wakamwambia hapana, aoge. Akaoga, akafa. Bwana Mtume (s.a.w.) alipopata habari hakusema kwamba nia yao ilikuwa njema. Alisema wamemuua, na akawalaumu kwa kutouliza hali hawajui. Na nchi yetu ina msiba wake wa namna hiyo. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, ikabaki ikielea tumbo juu, na ndani yake walikuwamo walio hai. Waliotaka kuwatoa wakaitoboa. Hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka kwa tundu lile, na meli ikashuka na waliomo. Waliotoboa hawakuwa maadui wa mtu.

Tazama tena Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba ikiwa na watu 43. Waliofika kwanza si wanajeshi wala madaktari, ni wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walitoka hai, na 19 wakafa. Mvuvi mmoja kijana, Majaliwa Jackson, alisifiwa nchi nzima, akapewa zawadi na kazi katika Zimamoto na Uokoaji. Ni haki yake. Lakini mimi nilitazamia kwamba baada ya siku ile kila soko la samaki, kuanzia Kirumba hadi Kunduchi, lingepata mwalimu wa huduma ya kwanza. Tulimsifu mvuvi mmoja, wengine tukawaacha na kasia zao kama walivyokuwa.

Kwa hiyo naiambia kamati ya kila msikiti wa pwani, bila ya kuzunguka: kumwosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kifaya, akilifanya mmoja wengine wamepona, lisipofanywa wote wana dhambi. Je, kumtoa mtu katika mauti hali uwezo upo, hilo ni jepesi zaidi? Basi teueni watu wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, wapelekwe Msalaba Mwekundu au Zimamoto wakafundishwe kwa kushikishwa mkono, maana makala haya hayatoshi, kifua hujifunzwa kwa kubonyeza sanamu. Wakirudi wawafundishe madrasa. Mtoto ajuaye nguzo za sala ya maiti aweza pia kujua 30 na 2. Kando ya ufuko ifungwe kamba ndefu yenye dumu, kwenye mnazi ambao kila mtu anaujua, na atakayeiiba kamba hiyo kwa kufungia mbuzi atangazwe siku ya Ijumaa kama atangazwavyo mwizi wa viatu.

Gharama? Bendeji, glavu, pamba, mkasi, kanga kuukuu mbili zilizofuliwa, na hiyo kamba. Haifiki bei ya jeneza, na jeneza tulichanga bila ya kikao cha pili. Na kisanduku chenyewe kiwekwe pale pale lilipo jeneza, ufunguo wake usikae na mtu anayelala Tegeta.